Filamu ya simba wa Tsavo: Kwa nini taharuki yake haijachakaa

NAVAKHOLO haina simba. Eneo hili la Kaunti ya Kakamega, lililo kaskazini-magharibi mwa mji wa Kakamega, ni la mashamba ya miwa na mahindi, na wanyama wanaoonekana zaidi kandokando ya barabara ni ng'ombe, mbuzi na kuku.

Hata hivyo, yeyote aliyewahi kushika njia ya mkato katikati ya miwa iliyokomaa, jua likiwa limezama, anaijua hofu moja isiyohitaji simba. Miwa imempita kimo. Mbele haoni zaidi ya hatua kumi. Jani linatikisika upande wa kulia ilhali hakuna upepo. Anasimama, anasikiliza, kisha anaanza kutembea kwa kasi bila kutaka kukiri kwamba anakimbia.

Juu ya hofu hiyo ndipo ilipojengwa filamu ya Marekani, The Ghost and the Darkness, iliyotolewa mwezi Oktoba 1996. Jina lake lina maana ya Mzimu na Giza, nayo inasimulia kisa cha simba wawili waliowashambulia wajenzi wa reli huko Tsavo mnamo 1898. Hadi leo ndiyo filamu maarufu zaidi kuhusu tukio hilo, na kwa Wakenya wengi ndiyo iliyowafunza historia ya Tsavo kabla ya kitabu chochote.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: Kwa nini kisa ambacho mwisho wake unajulikana na kila mtu, kwamba simba watauawa na daraja litajengwa, kingali kinamfanya mtazamaji ashike kiti kwa mikono miwili?

KISA CHENYEWE

Filamu hiyo ilielekezwa na Stephen Hopkins, na mswada wake ukaandikwa na William Goldman, mwandishi aliyekuwa tayari ameshinda tuzo mbili za Oscar. Val Kilmer aliigiza nafasi ya John Henry Patterson, mhandisi wa kijeshi aliyetumwa na Waingereza kujenga daraja la reli juu ya mto Tsavo. Michael Douglas aliigiza Remington, mwindaji Mmarekani anayeitwa kuokoa hali inapozidi kuwa mbaya.

Patterson anawasili Tsavo akiwa na matumaini tele. Siku zake za kwanza anamuua simba kwa risasi moja, na vibarua wanamshangilia. Wanaamini kwamba balaa limeondoka. Kumbe ndilo linaingia. Mnyapara wao shupavu, Mahina, anaburutwa kutoka hemani usiku, na kuanzia hapo kambi nzima haijui usingizi.

Kila hila inayobuniwa inashindwa. Maboma ya miiba yanapenywa. Mtego wa behewa, ambamo wanaume wenye bunduki wanamngoja simba nyuma ya vyuma, unaishia kwa risasi nyingi, moshi mwingi na simba aliyetoroka. Hospitali inahamishwa, nao simba wanaifuata huko huko ilikohamishiwa. Mwishowe vibarua wanapanda gari moshi na kuondoka, na wanaobaki wanaweza kuhesabiwa kwa vidole.

Anayesimulia yote hayo ni Samuel, Mwafrika anayewaunganisha watu wa kambi hiyo wa lugha na dini mbalimbali. Nafasi hiyo iliigizwa na mwigizaji nguli wa Afrika Kusini, John Kani. Nafasi ya Abdullah, kiongozi wa vibarua wa Kihindi, iliigizwa na Om Puri, ambaye alikuwa miongoni mwa waigizaji walioheshimika sana nchini India hadi alipofariki mwaka 2017.

SIMBA MWENDA KIMYA

Wahenga walisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Methali hiyo inaeleza ufundi wa filamu hii kuliko maneno ya wahakiki wengi.

Katika sehemu kubwa ya kisa, mtazamaji haonyeshwi simba. Anaonyeshwa nyasi ndefu zikigawanyika kana kwamba kuna mkono usioonekana unaozitenga. Anaonyeshwa taa ya chemli ikiyumba hemani. Anasikia pumzi nzito, kisha kimya, na kimya hicho ndicho kinachotisha zaidi.

Alfred Hitchcock, mwelekezi Mwingereza aliyetoa Psycho mwaka 1960 na anayehesabiwa kuwa bingwa wa filamu za aina hii, alizoea kutofautisha mshtuko na taharuki. Bomu likilipuka ghafla chini ya meza, alieleza, watazamaji hushtuka kwa sekunde chache tu. Lakini wakiwa wameonyeshwa bomu hilo mapema, huku wanaoketi mezani wakiendelea na mazungumzo yao bila habari, basi dakika tano za porojo huwa dakika tano za mateso.

Miaka 15 baada ya Psycho, Steven Spielberg aliitumia kanuni iyo hiyo katika Jaws, filamu ya papa muuaji. Papa wake haonekani vyema hadi kisa kimeenda mbali, na watu waliacha kuogelea kwa sababu ya kitu ambacho walikuwa wamekiona kwa muda mfupi tu.

Hopkins aliyapeleka hayo nyikani. Maji yakawa nyasi. Nalo bomu la chini ya meza likawa simba ambaye mtazamaji anajua kwamba yuko karibu, ingawa vibarua wanaosukuma mikokoteni hawajui.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni lile la ndoto. Patterson anaota kwamba mkewe na mtoto wake mchanga, ambaye hajawahi kumwona, wamewasili katika stesheni ya Tsavo. Mke anapunga mkono kwa furaha. Patterson anaona nyasi zikitikisika nyuma yake, anakimbia, anapiga kelele, lakini kelele za gari moshi na umbali uliopo vinaimeza sauti yake. Mtazamaji anajua anachokijua Patterson, na hakuna kati yao anayeweza kufanya lolote.

Haikuwa ajabu, basi, kwamba tuzo ya pekee ya Oscar ambayo filamu hiyo ilishinda, mnamo Machi 1997, ilikuwa ya uhariri wa sauti, iliyotunukiwa Bruce Stambler. Katika kazi hii simba husikika kwanza, na mara nyingi hilo linatosha.

Si kwamba wahakiki wote waliridhika. Baadhi yao waliikejeli, wakisema mazungumzo yake ni mazito kupita kiasi na kwamba mwindaji Remington ameongezwa kwa nguvu. Huko Marekani iliingiza zaidi ya dola milioni 38, mapato ambayo hayakulingana na gharama kubwa ya kuitengeneza. Lakini filamu nyingi zilizoishinda kwa mapato mwaka huo zimesahaulika, nayo ingali inatazamwa.

YALIYOTOKEA KWELI

Nguvu nyingine ya filamu hii ni kwamba mambo yake yanayoonekana kuwa ya kubuni ndiyo mara nyingi yaliyotokea.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Serikali ya Uingereza iliwaleta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India katika kipindi chote cha ujenzi, na karibu 2,500 kati yao walifariki, wengi kwa maradhi. Reli ilipofika mto Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani, ilihitaji daraja la kudumu. Patterson aliwasili Mombasa mwezi Machi 1898 na kukabidhiwa kazi hiyo.

Kwa muda wa takriban miezi tisa simba wawili waliishambulia kambi hiyo mara kwa mara. Miongoni mwa waliouawa mapema alikuwa mnyapara Ungan Singh, aliyeburutwa kutoka hema alimokuwa amelala na wenzake. Mnamo Desemba 1 vibarua walichoka kungoja. Mamia yao walilisimamisha gari moshi lililokuwa likielekea pwani, wakalipanda na kwenda zao. Kazi ilisimama kwa karibu wiki tatu.

Mtego wa aina hiyo ulikuwapo kweli, na walinzi waliokuwa ndani walifyatua risasi ovyo hadi mmojawao akavunja chuma cha mlango na simba akatoka. Bunduki ya kuazima iliyokataa kulia wakati wa hatari ilikuwapo pia. Hata kisa cha ndege wa usiku aliyemgonga Patterson akiwa juu ya dungu, kinachoonekana kama mzaha wa mwandishi wa filamu, kimo katika kitabu alichokichapisha Patterson mwenyewe mwaka 1907.

Simba wa kwanza aliuawa Desemba 9, 1898. Alikuwa na urefu wa karibu mita tatu kutoka puani hadi ncha ya mkia, na ilihitaji wanaume wanane kumbeba hadi kambini. Wa pili aliuawa Desemba 29.

Idadi ya waliouawa imebishaniwa kwa zaidi ya karne moja. Kitabu cha 1907 kilitaja vibarua 28 wa Kihindi, pamoja na Waafrika ambao hesabu yao haikuwekwa. Baadaye, katika kijitabu cha mwaka 1925, idadi ilipanda hadi 135. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima kemikali zilizomo katika mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria kwamba waliliwa watu wapatao 35, na kwamba simba mmoja alikula wengi zaidi kuliko mwenzake.

Sababu za simba hao kugeukia binadamu nazo zimechunguzwa. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe na wanyama wengi wa mwituni ambao simba huwategemea. Ukame na njaa vikafuata. Njia ya Tsavo ilikuwa imepitiwa kwa miaka mingi na misafara ya watumwa na pembe za ndovu, na maiti za waliofia njiani ziliachwa hapo hapo. Isitoshe, mmoja wa simba hao alikuwa na chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi wa jino, hali ambayo ilimfanya ashindwe kuwakamata wanyama wenye nguvu bila maumivu makali. Binadamu aliyelala hemani hana pembe wala kwato.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Yapo pia mambo ambayo filamu iliyabuni, nayo yanafaa kujulikana na kila anayeitazama.

Remington hakuwapo. Hakuna mwindaji Mmarekani aliyekuja Tsavo kuwasaidia vibarua. Simba wa kwenye filamu wana manyoya marefu ya shingoni yanayopendeza machoni, ilhali wale wa kweli, ingawa wote wawili walikuwa madume, hawakuwa nayo. Madume wengi wa Tsavo ndivyo walivyo hata sasa. Na licha ya kwamba kisa ni cha Kenya, sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Afrika Kusini, katika hifadhi ya Songimvelo.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa Hollywood kukichukua kisa hiki. Mnamo 1952 mwelekezi Arch Oboler alikitumia katika Bwana Devil, filamu iliyowalazimu watazamaji kuvaa miwani maalumu ili waone simba kana kwamba anawarukia kutoka kwenye pazia. Ilihesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya aina hiyo kutoka Marekani, na ilivuta umati mkubwa. Leo wanaoikumbuka huikumbuka kwa miwani. Kumwonyesha simba akiruka kulishtua kwa msimu mmoja. Kumficha ndiko kulikodumu.

Lakini kasoro kubwa ya filamu zote mbili ni ile ile. Mashujaa ni wageni. Methali ya Kiswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na watengenezaji wa filamu wameifuata neno kwa neno: mzungu mmoja anakuja, wa pili anaongezwa, na mwenyeji anabaki kungoja kuponywa. Vibarua wanaouawa wengi hawana majina. Wataita na Wakamba, ambao waliishi na simba wa eneo hilo vizazi na vizazi, ni kama hawapo.

Ukiitazama filamu kwa makini, hata hivyo, utagundua kwamba taharuki yake haitoki kwa wenye bunduki. Inatoka kwa waliolala hemani. Mtazamaji hamwogopei sana Patterson, kwa kuwa anajua kwamba ndiye atakayeishi kuandika kitabu. Anamwogopea kibarua asiye na jina, aliyejifunika blanketi moja, akisikiliza nyayo nje ya turubai na kujiuliza iwapo usiku huu ni zamu ya hema lake au la jirani.

Waandishi walimnyima kibarua huyo ushujaa, lakini hawakuweza kumnyima hofu, na hofu hiyo ndiyo inayoibeba filamu.

KUTOKA KASETI HADI SIMU

Kwa wakazi wa maeneo ya mashambani kama Navakholo, jumba la sinema lilikuwa jambo la mijini. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu ziliwafikia Wakenya wengi wa vituo vya biashara kupitia mabanda ya video: chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyoinuliwa juu, na pale ambapo umeme haujafika, jenereta iliyonguruma nje.

Kaseti zilinakiliwa mara nyingi hadi picha zikawa na mchanga. Nyuso zilififia na maandishi hayakusomeka. Lakini spika zilikuwa kubwa, na wenye mabanda walijua kwamba kelele huvuta wateja kutoka barabarani. Katika mazingira hayo, filamu iliyotegemea mandhari maridadi ilipoteza nusu ya thamani yake. Iliyotegemea sauti na giza haikupoteza kitu. Picha ikiwa hafifu, simba wa kwenye nyasi huwa vigumu zaidi kuonekana, na kutoonekana ndiko kulikokusudiwa.

Lugha nayo haikuwa kizuizi kikubwa. Kenya imewahi kuwa na wasimulizi wa filamu wanaoingiza maneno yao juu ya mazungumzo ya Kiingereza, na DJ Afro amekuwa maarufu kuliko wote kwa kuwapa waigizaji wa kigeni majina na mizaha ya mtaani. Lakini yapo matukio ambayo hata msimulizi hodari hunyamaza. Mtu anapoinua taa na kuchungulia nje ya hema, hakuna tafsiri inayohitajika.

Zaidi ya hayo, watazamaji wa magharibi mwa Kenya hawakuwa wageni wa hadithi za aina hii. Watoto wa Waluhya, wakiwemo Wanyala wa Navakholo, walilelewa kwa ngano za amanani, madubwana yanayokula watu na ambayo hungoja pale njia inapoingia msituni au mtoto anapochelewa kurudi kutoka mtoni. Bibi aliyesimulia karibu na moto hakulieleza linani lote kwa mara moja. Alianza na sauti yake, kisha kivuli chake, kisha akanyamaza ili kuni zipasuke zenyewe. Ufundi wa taharuki ulikuwapo jikoni kabla ya kufika kwenye pazia.

Pia kuna uhusiano wa kihistoria ambao ni rahisi kusahauliwa. Reli iliyokwama Tsavo ilikuwa ikielekea upande huu. Wakati huo eneo lote la magharibi mwa Kenya ya leo lilihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Uganda, na halikuhamishiwa upande wa Kenya hadi mwaka 1902. Reli ilifika ziwani, mahali palipokuja kuwa mji wa Kisumu, mnamo Desemba 1901, na tawi lake likafika Butere, katika Kaunti ya Kakamega ya sasa, mwaka 1930. Kila mzigo uliobebwa kwenye njia hiyo kutoka pwani hadi Butere ulivuka mto Tsavo kwanza.

SIMBA WALIO UGENINI

Ukimalizika msuko wa filamu, msimulizi anawaambia watazamaji kwamba simba hao wangali wanaweza kuonekana, na kwamba wako Chicago. Hilo ni kweli. Baada ya kuwatumia kama mazulia kwa takriban robo karne, Patterson aliziuza ngozi na mafuvu yao kwa Makumbusho ya Field ya Chicago mwaka 1924 kwa dola 5,000. Ngozi hizo zilishonwa na kujazwa, na simba hao wamewekwa huko hadi sasa. Kwa kuwa zilikuwa zimekatwa ili zitandikwe sakafuni, wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa walipokuwa hai.

Wakenya wamewahi kutaka warudishwe nyumbani, wakisema kwamba historia hiyo ni ya nchi hii na kwamba mwanafunzi wa Voi au wa Navakholo hapaswi kuvuka bahari ili kuwaona. Wanaotaka kugusa sehemu ya historia hiyo bila kuondoka nchini wana Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, ambamo limehifadhiwa behewa ambalo afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba mwingine huko Kima mnamo Juni 1900. Ryall alikuwa amekaa ndani ya behewa hilo akimvizia simba. Usingizi ukamzidi, na simba akamvizia yeye.

Kwa upande wa wanasayansi, simba wa Chicago hawajamaliza kusema. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa kutoka Kenya, walitangaza kwamba wamechunguza nywele zilizokuwa zimekwama ndani ya meno yaliyovunjika kwa zaidi ya miaka 100, na kutambua vinasaba vya twiga, pundamilia, nyumbu, choroa, kuro na binadamu. Jino lililovunjika, ambalo kwenye filamu halionekani, limekuwa shahidi aliyehifadhi orodha ya waliouawa kuliko maandishi ya mtu yeyote.

Wala hofu yenyewe haijawa ya makumbusho peke yake. Katika kaunti zinazopakana na mbuga, wapo Wakenya ambao wangali hulala wakisikiliza. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa mwituni aliyetajwa katika sheria hiyo. Kuwapo kwa kiwango hicho katika sheria ni ushahidi kwamba kile ambacho filamu inakionyesha kama kisa cha kale ni jambo ambalo serikali ililazimika kulipangia bajeti.

Wengi waliofanikisha filamu hiyo wametangulia mbele ya haki. Mwandishi Goldman alifariki mwaka 2018. Bernard Hill, aliyeigiza daktari wa kambi, alifariki mwaka 2024, na Val Kilmer akafuata mwezi Aprili 2025. Teknolojia nayo imesonga mbele, na simba wa kompyuta wa siku hizi wana kila unywele mahali pake. Hata hivyo, si lazima watishe zaidi. Anayeonyeshwa kila kitu hana cha kuongezea, na taharuki hutaka mtazamaji aongezee kilichobaki kutoka kwa giza analolijua yeye mwenyewe.

Kwa kijana wa Navakholo anayeitazama leo kwenye simu yake, giza hilo haliko mbali. Anaweza kuicheka filamu, akaukosoa Uingereza wake mwingi, akauliza kwa nini Wataita hawapo na kwa nini vibarua waliokufa hawana majina. Maswali hayo yote ni ya haki, na ni vyema yaulizwe. Kisha ataizima simu, atoke nje, na ashike njia ya nyumbani kati ya miwa. Hakuna simba Navakholo, naye analijua hilo vizuri. Lakini jani likitikisika bila upepo, atasimama kidogo, jinsi walivyosimama watu wa Tsavo, na kusikiliza.